Chumba Chenye Ufunguo: Somo Kuhusu Makazi Yenye Huduma na Bajeti Yake

Saa nne usiku, maduka ya barabara ya Tom Mboya na River Road yanapofunga milango ya vyuma, veranda zake hugeuka vitanda. Katoni hukunjuliwa, magunia hutandikwa, na mama humlaza mtoto upande wa ukutani ili baridi isimfikie. Upande wa magharibi wa jiji, Kangemi, Kawangware na Dagoretti Corner, jambo hilo hutokea kimyakimya zaidi: chini ya meza za soko, ndani ya nyumba ambazo ujenzi wake haujaisha, nyuma ya vibanda vilivyofungwa. Alfajiri wote huamka kabla ya wenye maduka kufika. Ndiyo maana wakazi wengi hawajawahi kuwaona wakilala. Huwaona mchana tu, wakiomba au wakiokota chupa za plastiki.

Kila baada ya miaka michache watu hawa huondolewa mitaani. Baada ya miezi, wengi huwa wamerudi. Somo hili linaeleza kwa nini hali huwa hivyo, makazi yenye huduma ni nini, pesa za kuyagharamia zinaweza kutoka wapi, na mkazi wa kawaida ana nafasi gani ya kusema neno lake kabla bajeti haijapitishwa.

Baada ya kulisoma, mkazi ataweza:

- kutofautisha bweni la usiku, nyumba ya bei nafuu na makazi yenye huduma;
- kutaja vifungu vya Katiba na sheria vinavyohusu jambo hili;
- kusoma bajeti na kujua kama huduma hii imo au haimo;
- kupeleka pendekezo kwa wakati unaofaa.

1. Ni nani hana makao?

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 katika kaunti zote 47. Kati yao, 15,337 walikuwa Nairobi. Yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watatu wanaoishi mitaani nchini alikuwa katika kaunti hii.

Hesabu hiyo inatisha, lakini ina upande wa pili. Sensa ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 4,397,073 wa Nairobi. Ukiweka nambari hizo mbili pamoja, wanaoishi mitaani ni chini ya watu wanne kwa kila wakazi 1,000. Idadi ya namna hiyo inaweza kuandikishwa na kupangiwa bajeti.

Kosa la kwanza katika kupanga ni kuwaweka wote katika kapu moja. Wanaolala nje wanatofautiana, na kila kundi lilifika mtaani kwa njia yake:

- Watoto na vijana walioondoka nyumbani kwa sababu ya njaa, vita vya wazazi au kifo cha mlezi.
- Familia, hasa akina mama na watoto, waliofukuzwa kwa deni la kodi au kukimbia kipigo.
- Watu wenye maradhi ya akili au uraibu, ambao jamaa zao walishindwa kuwatunza.
- Wazee na watu wenye ulemavu wasio na jamaa wa karibu.
- Waliotoka gerezani, hospitalini au katika makao ya watoto bila mahali pa kwenda.

Njia ya familia ndiyo inayojulikana zaidi mitaa ya magharibi. Chukua mfano wa mama anayefua nguo Kileleshwa na Lavington, akilipwa kwa siku. Ana chumba cha mabati Kawangware na watoto wawili. Mtoto anaugua, mama anakosa kazi wiki mbili. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba anavumilia. Mwezi wa pili anaweka kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, au anang'oa mlango. Vyombo vinabaki ndani kama dhamana. Mama analala kwa jirani siku tatu, kisha kanisani, kisha sokoni. Akifika katikati ya jiji, deni lililomtoa nyumbani huenda ni kodi ya miezi miwili tu, lakini sasa hana sufuria, hana godoro, hana pa kuacha watoto akienda kibarua, na mara nyingi kitambulisho kilibaki ndani ya kile chumba.

Kuna pia wanaopoteza makao kwa pamoja. Julai 2018, maelfu ya watu wa Kibera walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Wengi walijibanza kwa jamaa. Asiye na jamaa hakuwa na pa kujibanza.

2. Kwa nini msako hautoshi?

Jiji la Nairobi halikupangwa kwa ajili ya familia maskini. Wakati wa ukoloni, Mwafrika alikubaliwa mjini akiwa mfanyakazi mwenye kipande, na nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili yake zilikuwa vitanda vya wanaume wasio na wake zao. Asiye na kazi wala makao alihesabiwa kuwa mkosaji. Sheria ya uzururaji ilibaki vitabuni hata baada ya uhuru, na ilifutwa mwaka 1997. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa kukosa makao, kazi au riziki zinakiuka Mkataba wa Afrika.

Hata hivyo mazoea ya kale hayafi haraka. Kwa muda mrefu, jibu la kwanza kwa familia za mitaani limekuwa lori na askari. Mtu huondolewa asubuhi, hupelekwa mbali, na hurudi kwa miguu. Hurudi kwa sababu riziki yake yote iko katikati ya jiji: hoteli inayompa mabaki, mnunuzi wa chupa, marafiki wanaomlinda usiku.

Kumekuwa na juhudi nyingine. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya vijana walioitwa wakati huo "parking boys". Shirika hilo lilianza kwa kukaa na vijana hao na kuwajua, kisha likaingia katika elimu na ufundi. Mwaka 2003 serikali ya kitaifa iliunda Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani, na mamia ya vijana wakapelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, kujifunza kazi. Kaunti nayo ina vituo vya watoto kama kile cha Joseph Kang'ethe na kile cha Shauri Moyo, pamoja na makao ya wazee ya Mji wa Huruma.

Kila moja ya juhudi hizo imesaidia watu. Lakini mafunzo na vituo vina mwisho wake. Kijana anahitimu ufundi, mtoto anafikisha miaka 18, mgonjwa anaruhusiwa kutoka hospitalini. Siku hiyo kila mmoja anakabiliwa na swali moja: usiku wa leo nitalala wapi? Asipokuwa na jibu, barabara inamngoja.

3. Makazi yenye huduma ni nini?

Makazi yenye huduma ni chumba au nyumba ambamo mtu anaishi kwa mkataba, analipa kodi kulingana na uwezo wake, na anatembelewa na wahudumu wanaomsaidia asiipoteze. Mambo manne huyatambulisha:

- Ufunguo. Mpangaji ana mlango wake na anaweza kuufunga.
- Mkataba. Hafukuzwi kwa amri ya ghafla. Ana haki na wajibu kama mpangaji mwingine yeyote.
- Kodi anayoiweza. Asiye na mapato huanza kwa kulipiwa, na mchango wake huongezeka anapopata kazi.
- Huduma. Mhudumu wa ustawi wa jamii humfuata alipo: kutafuta kitambulisho, kuandikisha watoto shuleni, kumpeleka kliniki, kusuluhisha ugomvi na mwenye nyumba.

Makazi haya hayafanani na bweni la usiku, ambako mtu hupewa kitanda jioni na kutolewa asubuhi. Bweni huokoa maisha wakati wa mvua na baridi ya Julai, lakini hakuna mtu anayeweza kutafuta kazi, kuficha dawa zake au kulea mtoto akiishi bwenini. Pia hayafanani na nyumba ya bei nafuu, ambayo hutolewa kwa anayeweza kulipa kila mwezi na hujiendesha mwenyewe baada ya kupewa ufunguo.

Nchi inayotajwa sana katika jambo hili ni Ufini. Mwaka 2008 ilikuwa na karibu watu 8,000 wasio na makao. Mwaka huo serikali, miji na mashirika walikubaliana kubadili mpangilio: badala ya kumtaka mtu aache pombe, atafute kazi, kisha ndipo apewe nyumba, nyumba itangulie na mengine yafuate. Mabweni makubwa ya usiku jijini Helsinki yalikarabatiwa yakawa vyumba vya kupanga, na wahudumu wakawekwa humo humo. Kufikia mwaka 2022 wasio na makao walikuwa chini ya 4,000.

Somo la Ufini linahitaji kuchukuliwa kwa tahadhari. Nchi hiyo hulipa ruzuku ya kodi kwa mwananchi yeyote mwenye mapato madogo. Kenya haina ruzuku ya namna hiyo. Kwa hiyo mji wa Kenya ukiiga mpango huo, lazima kwanza ujibu swali hili: kodi ya mwezi wa pili italipwa na nani?

Kwa mtoto aliye peke yake, jibu ni tofauti. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 vinasisitiza mtoto alelewe katika familia, iwe yake, ya jamaa au ya walezi wa kambo, kuliko kukaa kituoni miaka mingi. Lakini mama akipata chumba, watoto wake watatu wamepata familia kwa siku moja. Mara nyingi njia fupi ya kumtoa mtoto barabarani hupitia kwenye kodi ya mzazi wake.

4. Sheria inasemaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na inayofikika, na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na matibabu. Kifungu cha 57 kinawalinda wazee.

Haki ya nyumba haimaanishi kwamba kila mwananchi atapewa nyumba kesho. Kifungu cha 21 kinasema serikali itachukua hatua, zikiwemo sera na viwango, ili haki hizi zitimizwe hatua kwa hatua. Lakini kifungu cha 20 kinaongeza jambo zito: serikali ikidai kwamba haina rasilimali, ni wajibu wake kuthibitisha hivyo. Katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2021 kwamba hata watu waliokalia ardhi ya umma bila hati wana haki ya nyumba ambayo mahakama inaweza kuilinda. Sheria ya Ardhi nayo, baada ya marekebisho ya 2016, inataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu wanaokalia ardhi bila idhini.

Kazi imegawanywa kati ya ngazi mbili za serikali. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa sera ya nyumba. Kaunti zimepewa mipango na maendeleo ya kaunti, nyumba zikiwemo, pamoja na huduma za afya za kaunti na vituo vya kulelea watoto wadogo. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, nayo inazipa kaunti wajibu katika huduma za afya ya akili.

Ukiunganisha vipande hivyo, karibu kila kiungo cha makazi yenye huduma tayari kina mlango wake wa kisheria: chumba, kliniki, malezi ya mtoto. Kilichobaki ni kuviweka mahali pamoja, kwa mtu mmoja, mwezi mmoja.

5. Pesa ziko wapi, na zinaishia wapi?

Chanzo kikubwa kinachozungumzwa ni ushuru wa nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo inaigawa nyumba kulingana na mapato ya mnunuzi. Nyumba ya kijamii ni ya mwenye mapato ya chini ya Sh20,000 kwa mwezi.

Mei 2025, nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru zilikabidhiwa wenyewe, na chumba kidogo zaidi kililipiwa Sh3,900 kwa mwezi. Kwa mfanyakazi wa Mukuru au Kangemi mwenye kibarua cha uhakika, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini anayelala Jeevanjee hukutana na vizuizi vitatu kabla ya kufikia mlango huo. Kwanza, kujisajili katika Boma Yangu kunahitaji kitambulisho na namba ya KRA. Pili, anatakiwa kuweka akiba ya amana. Tatu, anatakiwa kulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Hazina ya ushuru huo imewekwa kwa ajili ya usanifu, ujenzi na matunzo ya nyumba na miundombinu yake. Mshahara wa mtu wa kumtembelea mpangaji haumo katika orodha hiyo.

Kibera imekwisha kutoa funzo kuhusu hili. Mwaka 2016, nyumba 822 za mradi wa Soweto Mashariki zilikabidhiwa wakazi. Kabla ya hapo, mwaka 2009, familia zilihamishiwa kwa muda katika majengo ya Lang'ata. Baadhi ya waliopewa vyumba waliwapangisha watu wengine na kurudi kwenye mabati, kwa sababu kodi kutoka kwa mpangaji ilikuwa riziki ya uhakika kuliko kuishi humo wenyewe. Jengo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni mapato ya kuliishi.

Chanzo cha pili ni pesa za kaunti zenyewe: mgao kutoka serikali ya kitaifa, na mapato ya ndani kama ada za ardhi, leseni za biashara na maegesho. Hapa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inafaa kueleweka vizuri. Inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha wastani, iende kwenye maendeleo. Jengo ni maendeleo. Kodi ya mpangaji na mshahara wa mhudumu ni matumizi ya kawaida, na hushindana na mishahara, dawa na mafuta ya magari. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kupata pesa za kujenga kituo kuliko pesa za kukiendesha. Jengo lina siku ya kukata utepe. Mshahara wa mhudumu hauna.

Kuna vyanzo vidogo vinavyoweza kuunganishwa: Inua Jamii, inayompa mzee wa miaka 70 na zaidi, mtu mwenye ulemavu mkubwa na kaya zenye yatima Sh2,000 kwa mwezi, bima ya afya ya SHA, na Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani. Lakini Inua Jamii na SHA hudai kitambulisho, na mara nyingi mtu wa mtaani hana. Mhudumu akimpatia chumba na kitambulisho, milango hiyo mingine inafunguka.

6. Hesabu ya mfano

Hesabu ifuatayo ni ya kujifunzia. Si bajeti ya kaunti, na bei hutofautiana kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Tuseme familia 100 zinapewa vyumba vya kawaida vya kupanga vilivyopo tayari Kangemi, Kawangware na Riruta, bila kujenga chochote.

Gharama ya kila familia kwa mwezi:

- Kodi: Sh5,000
- Maji na stima: Sh1,000
- Mhudumu mmoja wa Sh50,000 anayehudumia familia 20: Sh2,500
- Jumla: Sh8,500

Gharama ya mara moja ya kuanzia ni amana ya Sh5,000 na Sh10,000 za godoro, jiko, blanketi na sufuria, yaani Sh15,000.

Mwaka wa kwanza, familia moja itagharimu Sh102,000 za miezi kumi na miwili pamoja na Sh15,000 za kuanzia: Sh117,000. Familia 100 ni Sh11.7 milioni. Tuseme miezi sita ya kwanza familia hailipi kitu, na miezi sita inayofuata inalipa nusu ya kodi, Sh2,500. Mchango wake utakuwa Sh15,000, na gharama kwa umma itashuka hadi Sh10.2 milioni kwa familia zote 100.

Mwaka wa pili hesabu inagawanyika. Familia iliyosimama na kulipa kodi, maji na stima yenyewe inahitaji kutembelewa tu: Sh30,000 kwa mwaka. Mzee asiye na jamaa au mgonjwa wa akili asiyeweza kufanya kazi bado anahitaji Sh102,000, na huenda akaendelea kuzihitaji maisha yake yote.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, mpango wa namna hii hauhitaji kungoja jengo. Unaweza kuanza na vyumba vilivyopo. La pili, ahadi ya mwaka mmoja ni hatari. Pesa zikikatika mwezi wa kumi na tatu, mwenye nyumba ataweka kufuli, na yule mzee atarudi veranda ile ile baada ya umma kutumia zaidi ya Sh100,000 kwa ajili yake. Bajeti ya makazi yenye huduma ikosapo miaka inayofuata, ni afadhali ianze na familia 40 za uhakika kuliko 100 za kubahatisha.

7. Maswali ambayo majirani huuliza

*Je, watu hawatamiminika Nairobi kutoka kaunti nyingine?* Hofu hii ina msingi, kwa kuwa Nairobi tayari inabeba karibu theluthi ya wote. Ndiyo maana orodha ya wanaostahiki huhitaji kuandikwa mapema, kulingana na hesabu ya wanaolala nje kwa sasa, na kaunti jirani na serikali ya kitaifa kuhusishwa. Mtu aliye na jamaa wanaomtaka kwao anaweza kusaidiwa kurudi kwa hiari yake.

*Je, ni haki mtu wa mtaani alipiwe kodi na sisi tunahangaika?* Mkazi wa Kangemi anayelipa kodi kwa taabu ana haki ya kuuliza. Jibu moja ni kwamba mpangaji wa makazi yenye huduma hapewi nyumba. Anapewa nafasi ya kupanga, na analipa kadiri anavyoweza. Jibu la pili ni kwamba sera nzuri huanza kabla mtu hajafika barabarani. Mkopo mdogo wa kulipa deni la kodi ya miezi miwili kwa yule mama wa Kawangware ungegharimu kidogo kuliko kumwokoa baada ya mwaka mmoja. Sera ya makazi yenye huduma isiyo na sehemu ya kuzuia watu kufukuzwa ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

*Je, hawataleta wizi na fujo plotini?* Ndiyo maana huduma ni sehemu ya mpango. Vyumba husambazwa, visiwe vyote katika ploti moja, na mwenye nyumba huwa na mtu wa kumpigia simu kukiwa na tatizo. Mzee wa mtaa na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari hutembea nyumba hadi nyumba, wanapaswa kujua mpango huo tangu mwanzo.

8. Mkazi anaingilia wapi?

Katiba na sheria za kaunti zinataka umma ushirikishwe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na kila hatua ina tarehe yake:

- Mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kaunti, CIDP. Jambo lisilotajwa humu ni vigumu kupata pesa. Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na maandalizi ya unaofuata ni nafasi ya kuandika makazi yenye huduma kwa jina.
- Kufikia Septemba 1: mpango wa maendeleo wa kila mwaka. Hapa ndipo miradi ya mwaka unaofuata huorodheshwa.
- Kufikia Februari 28: waraka wa mwelekeo wa fedha, unaoweka kikomo cha matumizi cha kila idara.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti hufikishwa kwa Bunge la Kaunti, na kamati husikiliza maoni ya umma.
- Kufikia Juni 30: sheria ya matumizi ya fedha hupitishwa.
- Kila robo mwaka: ripoti ya matumizi huonyesha pesa zilizotumika kweli.

Anayesubiri hadi Juni huwa amechelewa, kwa sababu vikomo viliwekwa Februari. Pendekezo linaweza kuwa karatasi moja tu, na linaweza kuwasilishwa katika mkutano wa maoni ya umma au kwa ofisi ya mwakilishi wa wadi. Lenye nguvu hutaja mambo matano: watu wangapi katika wadi wanalala nje na wapi, kundi lipi litangulie, kiasi cha pesa kwa mwaka, pesa hizo ziwekwe kwenye fungu lipi, la maendeleo au la matumizi ya kawaida, na kwa miaka mingapi. Mengi ya maombi hukwama kwenye mambo mawili ya mwisho.

9. Maswali ya kujadili katika chama, kanisa, msikiti au baraza la mtaa

1. Katika mtaa wenu, watu hulala wapi usiku? Ni nani anayewajua kwa majina?
2. Mpangaji akishindwa kulipa kodi miezi miwili, nini humpata? Ni nani angeweza kuingilia kati kabla kufuli halijawekwa?
3. Chukua bajeti ya kaunti ya mwaka huu. Tafuta fungu la ustawi wa jamii. Ni kiasi gani ni majengo, na ni kiasi gani ni wahudumu na huduma?
4. Kama wadi yenu ingepewa Sh2 milioni kwa miaka mitatu, mngezigawaje kati ya kuzuia watu kufukuzwa, kodi za vyumba na wahudumu?
5. Ni jambo gani lingewafanya majirani wakubali mpangaji aliyetoka mtaani, na ni jambo gani lingewafanya wakatae?

Majibu ya swali la kwanza na la tatu yanafaa kuandikwa na kuhifadhiwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao utakapofunguliwa kwa maoni, kundi litakalofika na orodha ya veranda na masoko, idadi ya watu na kiasi cha pesa, litakuwa limefanya nusu ya kazi ya kumpatia mtu ufunguo.